Hesabu za Duara Zinapokataa: Dalili, Sababu na Marekebisho

Duara hujulikana lote kwa kipimo kimoja. Anayejua nusukipenyo, yaani umbali wa kutoka kitovuni hadi ukingoni, anaweza kupata kipenyo, mzingo na eneo bila kupima tena, na anayejua eneo peke yake anaweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye nusukipenyo. Hata hivyo, kwa wanafunzi, kwa mafundi wa matangi na kwa walimu wa michezo wanaochora viwanja kwa chokaa, malalamiko yanayojirudia ni yaleyale: jibu limetoka mara mbili ya linalotakiwa, eneo limekataa kurudi kuwa nusukipenyo, mfuniko haukai juu ya pipa, au tangi limeingiza maji pungufu kuliko hesabu ilivyosema. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia ule unaohitaji kupima upya.

Kanuni za kukumbuka ni chache. Kipenyo ni nusukipenyo mara 2. Mzingo ni kipenyo mara pai. Eneo ni nusukipenyo kizidishwe kwa chenyewe, kisha kizidishwe kwa pai. Katika kurudi, kipenyo ni mzingo uliogawanywa kwa pai, na nusukipenyo ni kipeuo cha pili cha eneo ambalo limekwisha kugawanywa kwa pai, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu hilo la kugawanya. Pai ni 3.14159 kwa desimali tano.

Kabla ya yote: soma uwiano wa kosa

Unapopata jibu unalolitilia shaka, usilifute. Lilinganishe na jibu la kitabuni, au na kipimo ulichokichukua kwa tepu, kwa kugawanya lililo kubwa kwa lililo dogo, kisha utazame namba inayotoka. Makosa ya duara huacha alama zinazotambulika. Ukipata 2 au 4, kipenyo na nusukipenyo vimebadilishana nafasi. Ukipata 3.14, pai imeingia mara moja zaidi au imesahauliwa. Ukipata 9.87, ambayo ni pai mara pai, umezidisha kwa pai mahali ulipopaswa kugawanya. Ukipata 100, 1,000 au 10,000, tatizo liko kwenye vizio. Ukipata namba inayokaribia sana 1, kama 1.0005, tatizo ni thamani ya pai uliyoitumia au ukadiriaji uliofanywa mapema. Uwiano usiofanana na chochote kati ya hivi, tuseme 1.25, kwa kawaida hutoka kwenye upimaji wenyewe, na hapo kikokotoo hakitakusaidia hata ukirudia hesabu mchana kutwa.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu wengi hurudia hesabu ileile kwa njia ileile, wakapata jibu lilelile, kisha wakaamini kwamba kitabu ndicho kimekosea. Kugawanya majibu mawili huchukua sekunde chache na mara nyingi humaliza kazi.

Dalili ya 1: Mzingo umetoka mara mbili au nusu, eneo limetoka mara nne au robo

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kutumia kipenyo mahali pa nusukipenyo, au kinyume chake. Kosa hilo moja huonekana kama 2 kwenye mzingo na kama 4 kwenye eneo, kwa kuwa katika eneo nusukipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo mtu aliyepata mzingo uliozidi mara mbili na eneo lililozidi mara nne hana makosa mawili, analo moja.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji hata pai. Duara lolote huingia ndani ya mraba ambao upande wake ni sawa na kipenyo, na hujaza zaidi kidogo ya robo tatu ya mraba huo, yaani asilimia 78.5. Chukua pipa la kawaida la lita 200, ambalo kipenyo chake cha ndani ni karibu sentimita 57. Mraba wake ni 57 mara 57, yaani sentimita za mraba 3,249. Eneo la kitako cha pipa linapaswa kuwa dogo kuliko hapo, na kweli ni karibu 2,552. Aliyeweka 57 mahali pa nusukipenyo atapata 10,207, jibu ambalo ni kubwa kuliko mraba unaolizunguka duara, na hivyo haliwezekani kabisa. Ukizidisha 2,552 kwa kimo cha ndani cha karibu sentimita 85 unapata takriban lita 217, ambazo ni ujazo wa pipa hadi ukingoni. Aliyekosea atapata karibu lita 868 na pengine atashangaa pipa lake limekuwa tangi.

Sababu ya pili hutokea uwanjani, kwenye kamba na kigingi. Mtu ameagizwa achore duara la mita 3. Anafunga kamba ya mita 3 kwenye kigingi, anazunguka, na duara linatoka na upana wa mita 6. Agizo lilimaanisha kipenyo, lakini kamba siku zote ni nusukipenyo. Walimu wa michezo hukutana na mtego huu katika uwanja mmoja. Duara la katikati ya uwanja wa mpira wa miguu hutajwa kwa nusukipenyo, mita 9.15, kwa hiyo kamba inakatwa kwa urefu huohuo. Duara la kurushia tufe hutajwa kwa kipenyo, mita 2.135, kwa hiyo kamba ni mita 1.0675 tu, na la kurushia kisahani ni mita 2.50, kwa kamba ya mita 1.25. Anayetoka katikati ya uwanja na kuhamia kwenye tufe bila kubadilisha fikra atachora duara ambalo mrushaji anaweza kukimbia ndani yake.

Marekebisho ni kuandika neno kamili mbele ya kila namba kabla ya kuanza: "kipenyo 2.135" au "nusukipenyo 9.15". Neno "upana" au "ukubwa" peke yake halitoshi kwenye karatasi ya kazi. Na baada ya kuchora, kabla ya jembe kugusa ardhi, pima moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kupitia kigingi.

Dalili ya 2: Nimetoka kwenye mzingo kwenda kwenye nusukipenyo, nikapata namba kubwa kuliko mzingo wenyewe

Uwiano hapa karibu kila mara ni 9.87. Sababu ya kawaida ni namna ya kubonyeza kikokotoo. Tuseme umezungushia tepu tangi la zege ukapata mzingo wa mita 8.80, nawe unataka nusukipenyo. Kanuni inasema ugawanye kwa 2 mara pai. Ukibonyeza 8.80 ÷ 2 × π, kikokotoo kinafanya kazi kutoka kushoto: kinagawanya kwa 2, kinapata 4.40, kisha kinazidisha kwa pai na kukupa 13.82. Jibu sahihi ni 1.40. Kikokotoo hakijaharibika, kimefanya ulichokiagiza.

Dawa ya kwanza ni mabano: 8.80 ÷ (2 × π). Dawa ya pili, ambayo ninaipendelea kwa mtu anayefanya kazi juani na simu mkononi, ni kugawanya mara mbili kwa zamu: 8.80 ÷ π inakupa kipenyo 2.80, kisha ÷ 2 inakupa 1.40. Njia hii inakuonyesha kipenyo njiani, nacho ni kipimo unachoweza kukihakiki kwa macho.

Sababu ya pili ni nadra kidogo lakini inasumbua zaidi. Ukiandika 2π bila alama ya kuzidisha katikati, vikokotoo vingine huchukulia 2π kuwa kitu kimoja na kukupa 1.40, na vingine haviichukulii hivyo na kukupa 13.82. Wanafunzi wawili walioandika vilevile wanaweza kupata majibu tofauti, kila mmoja akiwa na uhakika. Weka mabano siku zote, na suala hili linatoweka. Kama simu yako haionyeshi kitufe cha pai, ilaze upande. Simu nyingi hufungua vitufe vya kisayansi zikilazwa.

Ukaguzi wa kichwani: nusukipenyo ni kidogo kuliko sehemu moja ya sita ya mzingo. Sehemu ya sita ya 8.80 ni karibu 1.47, na 1.40 inakaa chini yake kidogo. Jibu la 13.82 halingepita hata hatua moja ya ukaguzi huu.

Dalili ya 3: Eneo halirudi kuwa nusukipenyo

Hii ndiyo dalili inayowatesa watu wengi zaidi, kwa sababu safari ya kurudi ina hatua mbili ambazo mpangilio wake haubadiliki. Kwenda, unazidisha nusukipenyo kwa chenyewe, halafu unazidisha kwa pai. Kurudi, unaondoa pai kwanza, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka.

Chukua duara lenye eneo la mita za mraba 4.91. Ligawanye kwa pai, unapata 1.563. Kipeuo chake cha pili ni 1.25, nacho ndicho nusukipenyo; kipenyo ni 2.50. Sasa tazama wanaopotea. Wa kwanza, na ndio wengi, huishia kwenye 1.563 na kuandika kwamba hicho ndicho nusukipenyo, kwa sababu namba inaonekana ya kawaida na haina lolote la kutisha. Wa pili hutafuta kipeuo kabla ya kugawanya kwa pai: kipeuo cha 4.91 ni 2.216, gawanya kwa pai unapata 0.705. Wa tatu hugawanya 1.563 kwa 2 badala ya kutafuta kipeuo na kupata 0.78, akidhani kwamba kuondoa kipeo cha pili, yaani kule kuzidisha namba kwa yenyewe, ni sawa na kuondoa mara mbili. Wa nne hufika salama kwenye 1.25 lakini huiita kipenyo.

Ukaguzi ni mmoja kwa watatu wa kwanza: chukua ulichokipata, kizidishe kwa chenyewe, kisha mara 3. Kama hukurudi karibu na eneo uliloanza nalo, kuna hatua imeruka. Anayetaka bwawa la samaki la duara lenye mita za mraba 50 atapata nusukipenyo cha mita 3.99, akizidisha 4 kwa 4 kwa 3 anapata 48, naye anajua yuko mahali pake. Anayeishia kwenye 15.9 akifunga kamba ya mita karibu 16 atachimba shimo lenye ukubwa wa mita za mraba 796. Jembe likishaingia, kosa hilo halirekebishwi kwa kalamu.

Katika safari ya kwenda, kosa linalofanana na hili ni kuzidisha nusukipenyo kwa pai kwanza, kisha kuzidisha jibu lote kwa lenyewe. Kwa 1.25 inatoka 15.42 badala ya 4.91, na uwiano ni 3.14, kwa kuwa pai imeingia mara mbili. Kipeo cha pili ni cha nusukipenyo peke yake, pai haiguswi.

Lipo pia la kuchukulia kwamba 1.25 kwa kipeo cha pili ni 2.5, yaani kuzidisha kwa 2. Hili halina uwiano maalumu, maana ukubwa wa kosa hubadilika kadiri nusukipenyo kinavyobadilika, na linapokutana na nusukipenyo cha 2 linajificha kabisa: 2 mara 2 na 2 kwa kipeo cha pili ni 4 vilevile. Tena duara la nusukipenyo 2 lina mzingo wa 12.57 na eneo la 12.57, kwa hiyo hata aliyechanganya kanuni mbili atapata namba sahihi. Walimu wenzangu, ninawasihi msitumie 2 kama mfano wa kwanza ubaoni. Tumieni 3 au 5, ili kosa lionekane siku ileile linapozaliwa.

Dalili ya 4: Namba zinafanana lakini nukta ya desimali imehama

Sababu kuu ni kubadilisha vizio vya eneo kana kwamba ni vya urefu. Mita 1 ni sentimita 100, lakini mita ya mraba 1 ni sentimita za mraba 10,000, na mita ya ujazo 1 ni sentimita za ujazo 1,000,000, ambazo ni lita 1,000. Njia salama ni kubadilisha nusukipenyo kuwa mita kabla ya kugusa eneo, ili usibadilishe tena baadaye.

Uwiano wa 2.54 au 6.45 unaonyesha kwamba inchi imechanganyika na sentimita, wa kwanza kwenye urefu na wa pili kwenye eneo. Uwiano wa karibu 10.76 unaonyesha futi za mraba zilizosomwa kama mita za mraba. Tepu nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, kwa hiyo tazama upande ulioushika kabla ya kulaumu kanuni.

Dalili ya 5: Jibu limepishana na la mwenzako kidogo sana

Kwanza angalia pai. Shule nyingi hutumia 22/7 au 3.14, na kikokotoo kina yake. Archimedes wa Syracuse alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71, kwa hiyo 22/7 huzidisha jibu siku zote, kwa takriban asilimia 0.04, na 3.14 hulipunguza kwa takriban asilimia 0.05. Kwa duara la nusukipenyo 7, eneo ni 154 kwa 22/7, ni 153.86 kwa 3.14, na ni 153.94 kwa kikokotoo. Yote matatu yanakubalika ilimradi umesema umetumia pai ipi. Katika mtihani, fuata iliyotajwa kwenye swali.

Tofauti hiyo huanza kuwa na maana pale duara linapokuwa kubwa na kipimo kinapotakiwa kuwa halisi. Kwenye kiwanja cha kawaida cha riadha cha mita 400, sehemu mbili za kona zikiunganishwa huwa duara moja la nusukipenyo cha mita 36.80 kwenye mstari wa kupimia, na mzingo wake ni mita 231.22. Kwa 22/7 unapata 231.31 na kwa 3.14 unapata 231.10. Sentimita 9 kwenda juu au 12 kwenda chini si kitu kwa mazoezi ya jioni, lakini kwa uwanja wa mashindano hazivumiliki.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu hudhuru kuliko ya kwanza, ni kukadiria namba katikati ya hesabu. Kosa la asilimia 1 kwenye nusukipenyo huwa karibu asilimia 2 kwenye eneo. Aliyepata kipenyo cha 2.80 akakikadiria kuwa 3 kwa urahisi wa kuandika atapata eneo la 7.07 badala ya 6.16, ongezeko la karibu asilimia 15. Beba desimali tatu au nne hadi mwisho, na ukadirie mara moja tu, kwenye jibu.

Dalili ya 6: Hesabu ni sahihi, lakini kitu hakiingii au hakijai

Hapa uwiano wa kosa haufanani na alama yoyote iliyotajwa juu, na ndipo penye kazi ya kweli, kwa sababu kosa liko mikononi.

Sababu inayoongoza ni kupima duara moja na kutumia jingine. Lile tangi la mzingo wa mita 8.80 lilipimwa kwa nje; kipenyo chake cha nje ni mita 2.80. Ukuta una unene wa sentimita 15 kila upande, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni mita 2.50. Kwa kimo cha maji cha mita 2, kipimo cha nje kinatoa lita 12,320, na cha ndani kinatoa lita 9,820. Lita 2,500 zilizopotea ni zege tupu. Anayezungushia tepu nje lazima aondoe unene wa ukuta mara mbili kutoka kwenye kipenyo kabla ya kutafuta eneo.

Jambo hilihili huonekana kwenye karatasi ya chuma. Fundi anayekunja chuma cha milimita 3 ili apate silinda ya kipenyo cha ndani cha milimita 600, akikata urefu wa 600 mara pai, yaani milimita 1,885, ataona ncha hazikutani. Chuma kinapokunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa. Urefu unaobaki vilevile ni wa katikati ya unene, kwa hiyo kipenyo cha kuhesabia ni 603, na urefu ni milimita 1,894, bila kuhesabu nyongeza ya maungio. Na kwenye kiwanja cha riadha, nusukipenyo cha ukingo wa ndani ni mita 36.50, lakini umbali wa mbio hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo huo ulioinuliwa. Anayehesabu kwa 36.50 pamoja na zile sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 atapata mita 398.12, na kiwanja chake kitaonekana kifupi kwa karibu mita 2 ingawa kimejengwa sawasawa. Pale ambapo hakuna ukingo ulioinuliwa bali mstari wa chokaa tu, hupimwa sentimita 20 nje ya mstari.

Mabomba yana lake. "Bomba la nusu inchi" ni jina la biashara. La chuma lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, wakati nusu inchi halisi ni milimita 12.7. Mabomba mengi ya plastiki yanayotajwa kwa milimita, kama 20, 25 au 32, hutajwa kwa kipenyo cha nje. Usihesabu eneo la kupitishia maji kutokana na jina. Pima tundu lenyewe.

Sababu ya pili ni tepu kutopita kitovuni. Mstari wowote unaokatiza duara bila kupita kitovuni ni mfupi kuliko kipenyo, kwa hiyo kosa hili daima hupunguza. Kwenye tangi la mita 2.80, tepu iliyohama sentimita 10 kutoka kitovuni inapunguza chini ya sentimita 1, lakini iliyohama sentimita 30 inapunguza zaidi ya sentimita 6. Shika ncha moja mahali pamoja, sogeza ncha nyingine kushoto na kulia ukingoni, na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Tepu ya kuzungushia mzingo hufanya kinyume: ikipanda upande mmoja au ikilegea, daima huzidisha, kwa hiyo huko chukua kipimo kidogo kuliko vyote.

Kama kitovu hakijulikani, tumia kona ya pembemraba. Weka kona ya kifaa cha seremala, au hata ya karatasi ngumu, iguse ukingo wa duara. Mahali ambapo pande zake mbili zinakata ukingo ndipo zilipo ncha mbili za kipenyo. Fanya hivyo mara mbili katika sehemu tofauti, na mistari miwili itakatana kitovuni. Na kama umebaki na kipande tu cha duara, mathalani ukingo wa kisima kilichofukiwa nusu, nyosha kamba kati ya pointi mbili za ukingo, kisha pima kutoka katikati ya kamba hadi ukingoni. Kamba ikiwa mita 2.00 na kina hicho kikiwa mita 0.40, zidisha kamba kwa yenyewe, gawanya kwa mara 8 ya kina, halafu ongeza nusu ya kina: 4 ÷ 3.2 ni 1.25, ongeza 0.20, nusukipenyo ni mita 1.45.

Sababu ya tatu ni kwamba kitu si duara. Pima kipenyo katika mielekeo mitatu. Vikitofautiana zaidi ya unavyoweza kuvumilia, kanuni zote zilizo juu zinatoa makadirio tu. Kwa mzingo uleule, duara ndilo lenye eneo kubwa kuliko umbo lolote, kwa hiyo kutafuta eneo kutokana na mzingo wa kitu kilichobonyea daima kutakupa namba iliyozidi. Wapima misitu, ambao kwa kawaida hupima shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hulijua hili vizuri. Mbuyu wenye mzingo wa mita 10 una kipenyo cha mita 3.18 kwenye karatasi, lakini shina lake lenye mikunjo lina eneo dogo kuliko karatasi inavyosema.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Usiingie ndani ya tangi lililofunikwa, kisima au shimo la choo ili kupima kipenyo cha ndani. Hewa ya humo inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi inayoua bila kutoa harufu, na waliofuata kuokoa wenzao wamefia humohumo. Pima mzingo kwa nje, uliza unene wa ukuta, na kama haitoshi, waite wenye vifaa na mafunzo ya kuingia.

Usiamue mwenyewe nguzo za tangi la juu kwa kuwa tu umepata ujazo. Lita 9,820 za maji zina uzito wa karibu tani 9.8 kabla ya uzito wa tangi lenyewe, na kazi hiyo ni ya mhandisi. Vivyo hivyo mtungi wowote unaobeba mvuke au hewa yenye msukumo: kujua kipenyo chake hakukupi ruhusa ya kuukata wala kuuchomelea.

Kwenye grenda, kipenyo cha diski ni suala la uhai. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 ikifungwa humo baada ya kuondolewa kinga, mzingo wake wa mita 0.72 utasafiri kwa karibu mita 132 kwa sekunde, ilhali diski za kukatia za kawaida zimetengenezwa kwa kikomo cha mita 80. Inaweza kupasuka. Hapa hakuna hesabu ya kurekebisha. Rudisha diski dukani.

Tangi la silinda lililolazwa ubavu, kama yale ya mafuta, halihesabiwi kwa kanuni za mwongozo huu peke yake. Kijiti cha kupimia kikionyesha nusu ya kina, tangi lina nusu ya ujazo, lakini kikionyesha robo ya kina lina takriban asilimia 19.6 tu. Kama mafuta hayo yanauzwa, upimaji wa tangi na jedwali la kijiti chake ni shughuli ya kisheria. Kwa Tanzania mahali pa kuanzia ni Wakala wa Vipimo, na jedwali lolote ulilolitengeneza mwenyewe libaki kwa matumizi ya nyumbani.